Kabla hujamlaumu kongoti, kagua shingo ya heroe

Picha ni ile ile: heroe (flamingo) kalala kwenye tope la magadi, kongoti (marabou) kasimama juu yake na kipara chake, na chini maandishi mekundu yanasema ndege hawa wabaya wanatumalizia heroe wetu. Inazunguka WhatsApp, na haipiti wiki mtu anauliza, tena kwa dhati kabisa, kwa nini kongoti wasipunguzwe. Nimechoka kujibu mmoja mmoja.

Nianze kwa kuwapa haki yao, kwa sababu ipo. Kongoti huua heroe. Huingia kwenye makoloni yao ya kutagia na kula mayai na makinda, na mara nyingine humshika hata mkubwa. Furukombe, wale tai wala samaki, nao, hasa Ziwa Bogoria nchini Kenya ambako maji ya magadi hayana samaki wa kuwatosha, wanaishi kwa heroe. Lakini mwindaji huua mmoja, hula, hupumzika. Ukikuta mizoga mia ufukweni na themanini haijaguswa, huyo si mwindaji. Hakuna kongoti anayeua kwa hasira.

Na ule mfuko mwekundu unaoning'inia shingoni mwake si gole, yaani mfuko wa chakula, ni mfuko wa hewa. Acheni kusema "kajaza heroe shingoni."

Mzoga mmoja unasomwaje? Vaa glavu na barakoa, simama upande unakotoka upepo ili ukupige mgongoni, kisha tenga manyoya ya shingo na mgongo mpaka uione ngozi. Ndege aliyeshikwa akiwa hai alikuwa na moyo unaopiga, kwa hiyo damu ilivuja chini ya ngozi: utaona wekundu mzito au weusi kuzunguka tundu la kucha au mdomo, na manyoya ya hapo yameshikamana kwa damu iliyokauka. Aliyeliwa akiwa tayari amekufa ana jeraha safi. Kingo zake ni kavu na zimepauka, na nyama ya pembeni ina rangi yake ya kawaida. Macho huwa yametolewa na sehemu ya haja imefunguliwa, kwa sababu hapo ndipo mdomo unapopenya kwa urahisi. Kongoti hatafuti shida.

Kisha angalia manyoya yaliyotawanyika. Ndege hunyonyoa, kwa hiyo kikonyo cha unyoya hutoka kizima. Bweha hukata kwa meno: vikonyo vimevunjika, mara nyingine manyoya kadhaa yamegandana kwa mate. Mfupa wa kidari ukiwa na mapengo madogo ukingoni, ndege wa kuwinda au tumbusi amekula hapo. Mwisho bonyeza kidari chenyewe. Kikiwa kimejaa nyama pande zote mbili, ndege huyu alikufa ghafla. Kikiwa kama ukingo wa kisu, amekuwa akifa kwa wiki kadhaa, na kongoti alifika kwenye matanga, si kwenye mauaji.

Basi nani aliua? Hapa vitabu hujifanya vinajua kuliko vinavyojua. Vifo vikubwa vya heroe wadogo vya Nakuru na Bogoria miaka ya 1990 vimeshapewa majibu matatu au manne: kifua kikuu cha ndege (Mycobacterium avium), sumu za sianobakteria (bakteria wa majini wanaofanana na mwani) wanaoota kama utando kwenye chemchemi za moto za Bogoria, bakteria wengine, na njaa pale maji ya ziwa yanapobadilika na ile spirulina, mwani mdogo wanaoula, kupotea. Kila jibu lina ushahidi wake. Shida ni kwamba heroe mmoja anaweza kuwa na vinundu vya kifua kikuu kwenye ini, sumu ndani ya ini hilo hilo, na kidari kilichokwisha. Mimi naamini njaa hufungua mlango na hao wengine huingia, ila sina namna ya kulithibitisha hilo kwa mzoga ulioletwa baada ya siku mbili juani.

Sasa nije kwenye kinachoniudhi kuliko kongoti wote: hesabu ya mizoga.

Mtu anazunguka ziwa saa nne asubuhi, anahesabu mizoga 12, anaandika "waliokufa: 12." Fisi alishapita usiku. Kongoti aliamka na mwanga, yeye hutembea tu. Tumbusi husubiri jua lipashe ardhi moto ili apate hewa ya kumpandisha, kwa hiyo yeye ndiye anayekuja mwisho, na wewe umefika pamoja naye. Ulichohesabu ni makombo.

Lipo jaribio la kurekebisha. Chukua mizoga 20 ya bata wa kufugwa waliochinjwa wazima, kamwe si ndege waliokufa kwa ugonjwa. Epuka weupe mno kwa sababu huonekana kutoka mbali. Ilaze ufukweni bila alama ya kupepea, maana kongoti hujifunza bendera haraka kuliko wasaidizi wako. Rudi baada ya saa 24. Tuseme imebaki 5: robo. Kisha ficha mizoga 10, mwenzako asijue, kwenye eneo analolipita kila siku, uone ataipata mingapi. Tuseme 6. Ile 12 yako unaigawanya kwa 0.25, kisha kwa 0.6, unapata 80.

Nayo 80 si neno la mwisho. Ndege aliyekufa saa moja kabla hujafika hakukaa saa 24 mbele ya walaji, kwa hiyo umemkuza kupita kiasi. Kwa upande mwingine, upepo husukuma mizoga hadi ufukwe wa upande mmoja, na usipopita huko hesabu yote ni bure. Mimi huandika kiwango cha chini na cha juu, na sioni haya kiwango hicho kikiwa kipana.

Lakini kosa kubwa ni hili, na sijui kwa nini halisemwi: ile robo haikai robo. Wakifa ndege kumi kwa siku, kongoti na fisi wanamaliza wote na ufukwe unabaki msafi. Wakifa mia tatu, walaji wanashiba kufikia saa tatu na mizoga inabaki. Kwa hiyo taarifa husema "vifo vilianza ghafla Jumanne," wakati kilichotokea Jumanne ni matumbo kujaa. Ugonjwa ulikuwa umeanza wiki mbili nyuma, unafagiliwa kila asubuhi. Kinyume chake nacho ni kweli. Eneo ambalo tumbusi wamemalizwa kwa sumu litaonyesha mizoga mingi zaidi bila ndege hata mmoja zaidi kufa. Kwa hiyo hesabu walaji pia. Kongoti 40 wamesimama wameshiba mahali ambapo kwa kawaida wako 6 ni taarifa, hata kama huoni mzoga.

Wale wanaowatetea kongoti nao wananitesa. Utasikia kwamba tumbo la tumbusi lina asidi kali inayoua kila kijidudu cha ugonjwa, kwa hiyo anasafisha mazingira, hoja imekwisha. Asidi ni kali kweli, pH ya karibu 1. Ila virusi vya mafua makali ya ndege, H5N1, havisubiri kufika tumboni, huingilia mdomoni na kwenye njia ya hewa. Marekani, kuanzia 2022, tumbusi weusi walikufa kwa mamia kwa virusi hivyo. Tai wa kichwa cheupe wa pwani ya Georgia na Florida walipoteza makinda wakilishwa ndege wa maji walioambukizwa. Majira ya baridi ya 2021 hadi 2022, kwenye hori la Solway kati ya Uskoti na Uingereza, lilikufa takriban theluthi moja ya bata bukini wa aina ya barnacle wanaozaliana Svalbard, visiwa vya Norwe, na mizoga yao ilikuwa karamu ya kila mla mzoga wa pwani ile. Kwa H5N1, mla mzoga ni mgonjwa anayefuata.

Kwa botulizimu, kupooza kunakoletwa na sumu ya bakteria, hadithi inageuka kabisa. Mzoga ukikaa siku tatu au nne kwenye joto, funza wake hukusanya sumu bila wao kudhurika. Bata akila funza wachache tu, shingo inalegea, kichwa kinaangukia majini, anazama, na mzoga wake unaotesha funza wengine. Ukimpasua huyo bata huoni kitu ndani, ndiyo maana tunataka damu ya ndege aliye hai na mgonjwa. Hapa kongoti anayemeza mzoga siku ya kwanza anakata mnyororo. Kipindupindu cha ndege, kile kinachoua bata bukini weupe kwenye mabwawa ya Nebraska, Marekani, kiko katikati: ndege hufa kwa saa chache, amenona, ini lina vidoa vyeupe, na kunguru na shakwe hula na kuoga maji yale yale. Mtu akiniuliza "kongoti wanasaidia au wanadhuru?" bila kutaja ugonjwa, sina jibu.

Usipasue mzoga porini ukishuku mafua. Dalili zake kwa walio hai: kuzunguka pale pale, shingo kupinda nyuma, macho kuwa na ukungu. Chukua sampuli kwa pamba kooni na kwenye sehemu ya haja, weka kwenye kimiminika cha kuhifadhia virusi, kwenye barafu lakini isigande, ifike maabara ndani ya saa 48. Mzoga wa zaidi ya siku moja uache tu. Na piga simu kwa daktari wa mifugo wa wilaya kabla ya kupiga picha ya kongoti.

Kuna hali moja ambayo ukiiona uache kila kitu nilichoandika hapo juu: walaji wenyewe wamekufa mita chache kutoka kwenye mzoga, nyama bado iko gole, vidole vya miguu vimekunjana, na juu ya nyama kuna nzi waliokufa. Ugonjwa wa ndege hauui nzi. Hiyo ni dawa ya wadudu, mara nyingi kabofurani, na hata kwa glavu usishike. Zuia mbwa na watoto, funika mzoga, ita askari wa wanyamapori, na andika idadi ya nzi kama unaweza kuwahesabu.