Saa ya Bronzi ya Ufaransa: Tazama Mgongo Kabla ya Uso

Mtu anayeniletea saa ya kale ya Ufaransa ya bronzi (shaba iliyochanganywa na metali nyingine) iliyotiwa dhahabu, zile zilizotengenezwa kupamba rafu ya juu ya mahali pa moto, kwa kawaida huanza kunisomea jina lililoandikwa kwenye uso wake mweupe. Mimi huomba kwanza saa igeuzwe. Jina lile mara nyingi ni la mwuzaji wa Paris au la fundi aliyeunda mashine, ilhali uzuri wa saa umetokana na mikono ya watu wengine kabisa: aliyesubu bronzi, aliyeitia nakshi kwa tindo na aliyeitia dhahabu.

Hadi kufikia miaka ya 1840, dhahabu ilishikishwa kwa zebaki. Fundi aliyeyusha dhahabu ndani ya zebaki iliyopashwa moto hadi ikawa rojo zito, akalipaka juu ya bronzi iliyosafishwa kwa asidi, kisha akakiweka kipande juu ya makaa. Zebaki huchemka kwenye nyuzi joto 357 za Selsiasi. Ilipotoka ikiwa mvuke, dhahabu ilibaki imeshikamana na bronzi. Sehemu zilizotakiwa kung'aa zilisuguliwa kwa jiwe la akiki, na nyingine, hasa nguo na ngozi za sanamu, ziliachwa na rangi ya dhahabu iliyopoa, isiyong'aa, laini kama unga. Ukiishika lenzi karibu na upindo wa vazi, utauona mpaka ambapo jiwe lilisimama, nao haukunyooka sawasawa, kwa sababu uliongozwa na mkono wa mtu. Hapo ndipo ninapokaa muda mrefu kuliko mahali pengine popote.

Mvuke ule uliwaangamiza waliofanya kazi hiyo: mikono ilitetemeka, meno yaling'oka, na wengi hawakufika uzeeni. Antoine-André Ravrio, mmoja wa mabingwa wa bronzi wa enzi ya Napoléon, alipofariki mwaka 1814 aliacha faranga 3,000 ziwe tuzo ya atakayebuni njia ya kuwakinga. Tuzo hiyo ilimwendea mkemia Jean-Pierre-Joseph d'Arcet, ambaye maelezo yake yalichapishwa mwaka 1818: moto mdogo uliwashwa ndani ya dohani ili hewa ivutwe juu, nayo ichukue mvuke kabla haujamfikia fundi. Naona ni haki kumkumbuka Ravrio kwa wasia huo kuliko kwa saa zake, ingawa saa zake ni nzuri mno.

Utiaji dhahabu kwa umeme ulipoenea katika miaka ya 1840, tabaka lilikuwa jembamba na lenye rangi moja, likifunika kila pembe. Kwa hiyo mgongo husema mengi. Kwa kuwa dhahabu ilikuwa ghali, fundi wa zebaki hakuipoteza mahali pasipoonekana: nyuma ya sanamu utakuta bronzi tupu iliyogeuka kahawia, na pembezoni mwake michirizi ya dhahabu iliyopita ukingo. Katika nusu ya pili ya karne ya 19 ziliongezeka pia sanamu za zinki. Usizipime kwa uzito, maana utadanganyika; tazama ndani ya tundu la skrubu, ambako zinki huonekana ya kijivu na bronzi ya manjano.

Mashine nayo hutoa ushahidi, ingawa huweza kubadilishwa. Katika saa za mwanzo wa karne hiyo, pendulamu, yaani ule uzito unaobembea, huning'inia kwenye uzi wa hariri; baadaye nafasi ya uzi ilichukuliwa na bamba jembamba la chuma, na kwa mfumo wa Brocot, fundi saa wa Paris, mwendo hurekebishwa kwa ncha ndogo ya ufunguo kupitia tundu lililo juu ya namba XII.

Ninachokisihi zaidi ni kutoitumia kabisa dawa ya kung'arishia shaba. Dawa hiyo ina chembe zinazokwangua, nayo hufuta ile rangi iliyopoa, ambayo haiwezi kurudishwa bila kuipitisha saa tena kwenye zebaki na moto. Mashine itolewe kwanza, akrabu na uso viwekwe kando, kisha bronzi ipanguswe vumbi kwa brashi laini ya manyoya. Uchafu ulioganda aachiwe mhifadhi wa vyombo vya kale.