Je, wajua kwa nini ukungu wa ofisini hurudi kila baada ya kupaka rangi?

Ukitembelea ofisi na hoteli za Dar es Salaam, Tanga, Mombasa au Unguja masika yakiisha, utakuta jambo lilelile: ukuta uliopakwa rangi mwezi wa pili, mwezi wa sita una madoa meusi palepale yalipokuwa. Fundi analaumiwa, rangi inalaumiwa, inanunuliwa ya bei kubwa zaidi, na madoa yanarudi. Yanarudi kwa sababu kilichoyaleta hakijaguswa. Ukungu, au kuvu kama wengine wanavyouita, unafuata maji. Na katika jengo la pwani lenye viyoyozi, maji mengi hayatoki kwenye bomba wala paa. Yanaingia na hewa kupitia mlangoni.

Mbegu za ukungu, yaani spora, zimo katika hewa ya kila jengo, liwe safi au chafu, na hakuna dawa ya kuzimaliza. Chakula nacho hakikosekani: karatasi inayofunika bodi ya jipsamu, gundi ya zulia, mbao za kabati, hata vumbi lililotua juu ya kioo. Joto letu linazifaa mwaka mzima. Kilichobaki ni maji tu, na hicho ndicho kitu pekee mwenye jengo anachoweza kuzinyima. Bodi ya jipsamu iliyolowa isipokauka ndani ya saa 24 hadi 48, ukungu unaanza kuota. Wala si lazima maji yaonekane kwa macho. Hewa inayogusana na uso wa ukuta ikikaa siku kadhaa na unyevu unaozidi asilimia 80, inatosha, hata kama ukiupapasa unauona mkavu.

Maji yanayoingia na hewa

Tufanye hesabu ndogo. Hewa ya nje yenye nyuzijoto 30 na unyevu wa asilimia 75, ambayo ni hali ya kawaida ya pwani wakati wa masika, hubeba takriban gramu 23 za maji katika kila mita moja ya ujazo. Hewa ya ofisi yenye nyuzi 23 na unyevu wa asilimia 55 hubeba kama gramu 11. Chukua chumba cha mita 4 kwa 5, chenye kimo cha mita 3: ujazo wake ni mita za ujazo 60. Kama kwa kufungua mlango, dirisha lisilobana na tundu za dari hewa yote ya chumba hicho inabadilika mara moja kwa saa, kila saa inaongezeka karibu robo tatu ya lita ya maji. Kwa siku ya kazi ya saa 9 ni zaidi ya lita 6, na hakuna aliyemwaga hata kikombe.

Hewa hiyo ya nje ikigusa kitu chenye nyuzi 25 au chini yake, inaacha maji juu yake, kama chupa ya soda baridi inavyotoka jasho mezani. Sasa fikiria ofisi iliyowekwa nyuzi 18. Vigae, miguu ya meza, vyuma vya dari, midomo ya kiyoyozi, vyote ni baridi kuliko kiwango hicho cha umande. Mtu akifungua dirisha asubuhi "hewa safi iingie" huku chumba kikiwa bado na baridi ya jana, anaingiza umande. Nairobi au Arusha hewa ni kavu zaidi, na kufungua dirisha husaidia kukausha chumba. Desturi hiyohiyo ikihamishiwa Mombasa inaleta hasara.

Hata hewa ya ndani inayoonekana nzuri inaweza kuleta ukungu ikikutana na ukuta wa baridi. Hewa ya nyuzi 26 yenye unyevu wa asilimia 60 ikigusa ukuta wenye nyuzi 20, pale ukutani unyevu wake unapanda hadi asilimia 86 hivi. Ndiyo maana madoa huota nyuma ya kabati la mafaili, au kwenye ukuta unaopakana na chumba cha seva au chumba cha baridi cha mgahawa, wakati katikati ya chumba kipimo kinasoma vizuri kabisa.

Kiyoyozi kinavyogeuka chanzo

Kiyoyozi kina kazi mbili, kupoza hewa na kuikausha. Kazi ya pili huanza koili, yaani mabomba baridi yaliyo ndani ya mashine, ikishapoa na maji kuanza kudondoka kwenye trei, na hilo linahitaji dakika kadhaa za kufanya kazi mfululizo. Mwenye ofisi aliyehitaji mashine ya BTU 12,000 (kipimo cha nguvu ya kupoza) akinunua ya 24,000 "ili ipoe haraka", chumba kinapoa kabla hewa haijakauka. Themostati inazima kompresa, yaani pampu ya gesi ya kupozea, feni inaendelea kupuliza juu ya koili iliyolowa, na maji yaleyale yanarudishwa chumbani. Wafanyakazi wanahisi ubaridi wenye unyevu, wanashusha nyuzi zaidi, na kuta zinazidi kupoa. Hili ndilo kosa tunalolikuta mara nyingi kuliko yote, na huwa limefanyika siku ya kununua. Kama mashine kubwa imeshafungwa, ihamishiwe chumba kikubwa. Kama haiwezekani, iendeshwe kwenye hali ya kukausha, ile yenye alama ya tone la maji kwenye rimoti, na feni isiachwe ikizunguka kompresa ikiwa imezima. Nyuzi 24 au 25 zinatosha.

Halafu kuna mabomba. Bomba la kutolea maji linatakiwa kuteremka angalau sentimita 1 kwa kila mita. Likilala, uteute unajengeka ndani, linaziba, trei inafurika na maji yanaishia juu ya dari. Kipimo chake ni rahisi: mimina lita 2 za maji polepole kwenye trei, kisha nenda nje uone yanatoka yote au la. Kwa pwani fanya hivyo kila miezi mitatu, na filta zioshwe kila wiki mbili hadi nne. Bomba la shaba linalorudisha gesi nalo huvikwa sponji nyeusi. Sponji ikipasuka sentimita 5 tu, hasa kwenye kona, bomba linatoka jasho mchana kutwa. Doa la kahawia la mviringo kwenye dari ya jipsamu, lenye kingo nyeusi kuliko katikati, mara nyingi linakuonyesha ulipo mpasuko huo au ilipoziba trei.

Hoteli zina tatizo lao. Feni za bafuni zinatoa hewa saa 24, na kama hakuna mashine ya kuingiza hewa iliyokaushwa kuziba pengo hilo, jengo linavuta hewa ya nje kupitia kila ufa wa ukuta. Kuta zikiwa zimebandikwa karatasi ya plastiki, unyevu unakwama kati ya plastiki na jipsamu, mahali pasipoonekana. Mgeni anasikia harufu tu, mhudumu anapulizia manukato. Kuligundua hili hakuhitaji kifaa cha bei: washa kijiti cha udi karibu na upenyo wa chini ya mlango wa nje, milango mingine yote ikiwa imefungwa. Moshi ukivutwa kwenda ndani, jengo linanyonya. Hewa inayoingizwa na mashine inatakiwa izidi kidogo ile inayotolewa, moshi usukumwe nje. Ukubwa wa hasara hii ulionekana Honolulu, ambako jengo jipya la hoteli lililofunguliwa mwaka 2001, Kalia Tower, lenye vyumba zaidi ya 400, lilifungwa mwaka 2002 kwa sababu ya ukungu.

Kujua maji yanatoka wapi

Kabla ya kugusa brashi, soma ramani ya madoa. Utepe wa unyevu chini ya ukuta, usiozidi mita moja, wenye unga mweupe wa chumvi, ni maji yanayopanda kutoka ardhini. Madoa yaliyozunguka mdomo wa kiyoyozi ni jasho. Madoa kwenye kona ya juu ya ukuta wa nje ni slabu inayovuja, au ni kona isiyopata hewa. Ukibaki na shaka, bandika karatasi ya nailoni ya sentimita 50 kwa 50 ukutani, ziba kingo zote kwa gundi ya utepe, uiache siku nzima. Maji yakitokea upande wako, yametoka kwenye hewa ya chumba. Yakitokea nyuma ya nailoni, yamo ndani ya ukuta.

Nyumba za zamani za Mji Mkongwe zinastahili tahadhari ya pekee. Kuta zake nene za mawe ya matumbawe na chokaa zinalowa na kukauka zenyewe, zinapumua. Ukizipiga lipu ya saruji na rangi ya mafuta, unaziba pumzi hiyo. Unyevu unapanda juu zaidi na chumvi inabandua lipu kwa ndani. Hapo dawa ni kuondoa saruji na kurudisha chokaa, hata kama inachukua muda mrefu kukauka.

Kusafisha

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2009, lilihusisha unyevu na ukungu majumbani na matatizo ya upumuaji, pumu ikiwemo. Kwa hiyo mwenye pumu asihusishwe na kazi hii. EPA, shirika la Marekani la kulinda mazingira, linagawa kazi za majengo ya biashara kwa ukubwa wa eneo: chini ya mita 1 ya mraba hivi, wahudumu wa jengo waliofundishwa wanaweza kuifanya. Kuanzia hapo hadi mita 9 za mraba, eneo lizungushiwe nailoni. Zaidi ya hapo panahitajika wataalamu, na watu wahamishwe.

Zima kiyoyozi kwanza na uzibe midomo yake kwa nailoni, la sivyo kitasambaza spora jengo zima. Usiwashe feni kuelekea kwenye madoa. Vaa barakoa ya N95, ile inayochuja vumbi laini, miwani iliyofunika pembeni na glavu ndefu. Funika mlango kwa nailoni nzito, ya unene wa milimita 0.15, na feni moja ikae dirishani ikitoa hewa nje. Nyunyizia madoa maji kidogo ili vumbi lisiruke.

Kigae, kioo, chuma na zege vinasuguliwa kwa sabuni ya unga na brashi, vinasuuzwa na kukaushwa siku hiyohiyo. Jiki si lazima. Ukiitumia, changanya sehemu 1 kwa 10 za maji, baada ya kusafisha kwa sabuni, madirisha yakiwa wazi. Usiichanganye kamwe na dawa ya choo yenye asidi wala yenye amonia, kwani gesi inayotoka inaunguza mapafu. Kwenye jipsamu jiki inakuhadaa: rangi nyeusi inafifia juu, maji yake yanazama ndani ya karatasi na kuulisha mzizi. Jipsamu iliyoota ukungu hukatwa, nusu mita kupita doa la mwisho, ikafungwa ndani ya mfuko kabla haijatolewa chumbani. Sponji za dari na mazulia yaliyolowa siku kadhaa, vivyo hivyo. Kuua ukungu na kuuacha ukutani hakusaidii, maana hata uliokufa bado unawasha pua na kifua.

Kupima ni aina gani ya ukungu ni fedha inayoweza kusubiri. Weusi, ukijani au weupe, kazi ni ileile. Isipokuwa hospitalini, kwa wagonjwa wenye kinga dhaifu, ambako aina ina maana kwa daktari.

Rangi iwe ya mwisho. Lipu mpya ya saruji ipewe mwezi mzima ikauke. Rangi yenye dawa ya kuzuia ukungu ni nzuri juu ya ukuta mkavu, lakini dawa yake hupungua kadiri muda unavyokwenda, na ukuta unaoendelea kulowa utaishinda. Kabati zirudishwe zikiwa zimeachana na ukuta kwa sentimita 10.

Kisha nunua kipima unyevu kidogo cha dijitali, ukiweke nyuma ya kabati, si juu ya meza ya bosi. Wakati mgumu kuliko wote ni kuanzia Ijumaa jioni hadi Jumatatu asubuhi: viyoyozi vimezimwa, vitu bado vina baridi, na hewa ya nje inapenya kwa saa 60. Madirisha yafungwe, mashine moja iachwe kwenye hali ya kukausha saa chache kila usiku, na Jumatatu, kabla mtu hajafungua mlango mwingine, soma namba. Chini ya 60, endelea hivyo. Zaidi ya 70, rudi na kijiti cha udi, kuna upenyo haujauona.