Mtutu wa .22 hautaki moto, unataka grisi yake

Nimechoka kusikia walenga shabaha wakisema kwamba mtutu wa .22, yaani wa bunduki ndogo yenye kipenyo cha inchi 0.22 hivi, lazima "upate moto" kabla ya kuanza kuhesabu alama, kana kwamba ni injini ya lori alfajiri. Haya, fyatua hizo kumi zako halafu ushike mtutu. Uvuguvugu kidogo, basi. Chuma kinene, baruti kiduchu. Moto utoke wapi?

Kinachoudhi ni kwamba walichokiona ni kweli: risasi za kwanza hutawanyika. Sababu ndiyo wanayoikosea. Risasi ya .22 LR (Long Rifle, ile ya kawaida ya bunduki hizi) ni madini laini ya ledi yaliyopakwa nta au grisi kwa nje. Ishike, vidole vitateleza. Grisi hiyo hubaki ndani ya mtutu, na kila risasi hupita juu ya utando ulioachwa na zilizotangulia. Mtutu uliotoka kusafishwa hauna utando. Risasi ya kwanza inakutana na chuma kitupu, ya pili na utando nusunusu, kasi zinapishana, na kwenye mita 50 matundu yanapanda na kushuka. Utando ukishatulia, kundi la matundu kwenye shabaha linajikusanya lenyewe. Ni baada ya risasi ngapi? Kila mtutu una tabia yake, na anayekupa namba moja kwa mitutu yote anabahatisha.

Ukibadilisha aina ya risasi umebadilisha grisi, kwa hiyo unaanza upya. Anayelinganisha aina mbili kwa risasi tano tano, bila kuupa mtutu nafasi ya kuzoea, anapima mchanganyiko wa grisi mbili. Ukipumzika kirefu, hasa kwenye baridi, utando hukakamaa. Peleka moja au mbili kwenye shabaha ya majaribio kwanza. Haraka haraka haisaidii chochote.

Sasa yule anayesugua mtutu mpaka ung'ae usiku wa kuamkia mashindano, kisha anauacha na mafuta ndani! Asubuhi risasi zake za majaribio zote zinaishia kufukuza mafuta.

Kusafisha kwenyewe hakuna uchawi. Fimbo iingie upande wa chemba, yaani nyuma risasi inapokaa, ikiongozwa isikwaruze; kitambaa kikitokeza mdomoni kitoe, usikivute kurudi na uchafu wake. Mdomo wa mtutu usiguswe na chuma. Dawa ya kuondoa shaba weka kando, maana risasi za shabaha hazina koti la shaba. Malizia na vitambaa vikavu.

Adui hasa ni kaboni ngumu inayojijenga kama pete mbele kidogo ya chemba. Kitambaa kinapita juu yake na kutoka kisafi, nawe unaridhika. Hiyo inataka dawa ya kaboni, muda wa kuloweka, na brashi.

Nisafishe mara ngapi? Hapa sina uhakika. Wapo wanaosafisha kila wakitoka uwanjani, wapo wanaopitisha maboksi kadhaa, na pande zote mbili zina washindi. Mimi husubiri kundi lipanuke siku isiyo na upepo, ingawa hata hapo huwa najiuliza kama si mkao wangu.