Mchezo wa Mtoto Mdogo Hauhitaji Betri

Katika kampeni ya malezi tunayoendesha kwenye kliniki za watoto hapa Nairobi, swali linaloongoza halihusu homa wala meno. Wazazi wanauliza wanunue nini ili mtoto wa mwaka mmoja na nusu awe mwerevu, na wengi tayari wana picha ya tableti ya watoto kwenye simu. Jibu letu ni kwamba pesa hiyo ina kazi nyingine.

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilishauri kuwa mtoto wa mwaka 1 asiwekwe mbele ya skrini, na wa miaka 2 hadi 4 asizidi saa 1 kwa siku. Katuni ikiimba alfabeti bado ni skrini. "Lakini anajua nyimbo zote!" tunaambiwa. Sawa, mama. Sasa mwambie akuletee kiatu chake.

Mtoto wa umri huu hujifunza kwa zamu: anafanya jambo, mtu anamjibu, naye anafanya tena. Weka vikombe viwili vya plastiki sakafuni, ufiche kijiko chini ya kimoja huku akiona, kisha uliza, "Kijiko kiko wapi?" Akikipata, mpe nafasi akufichie wewe, nawe ukosee makusudi. Siku ya kufua, mpe soksi atafute pacha wake. Unapopika, mpe sufuria tatu na mifuniko yake, au majani ya sukuma wiki ayararue vipande. Mnaokaa ghorofa ya nne, hesabuni ngazi kwa sauti kila mnapopanda. Akisema "fuia", usimkatize kumfunza, wewe jibu tu, "Naam, sufuria kubwa." Ongea naye lugha ya nyumbani kwenu, iwe Kikamba, Kisomali au Kiswahili. Lugha mbili hazimcheleweshi mtoto kuongea, na tumelirudia hili hadi tumechoka.

Kuhusu usalama, tafadhali fuata utaratibu. Chukua ile paipu ya katoni inayobaki tishu ya choo ikiisha. Kitu chochote kinachopenya ndani yake hakipewi mtoto aliye chini ya miaka 3: vizibo vya soda, bano, maharagwe, sarafu. Njugu asipewe hata kama chakula. Rimoti yenye betri bapa ya duara ifungwe kwa skrubu au iwekwe juu, kwa sababu betri hiyo ikikwama kooni huweza kuunguza vibaya ndani ya saa 2. Ukishuku ameimeza, nenda hospitali mara moja, usingoje aitoe chooni. Akichezea maji kwenye karai, usiondoke hata kupokea simu, na mkimaliza, maji yamwagwe yote. Mtoto huzama katika maji ya kina kidogo sana.

Jambo jingine linatusumbua. Kuna wanaomchapa mtoto wa miaka 2 kwa kushindwa kuhesabu hadi kumi. Huo si mchezo tena. Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 inamlinda mtoto dhidi ya ukatili wa mwili na wa akili, na wanaovunja sheria hiyo hushtakiwa. Ukijua mtoto anayeteswa, piga simu 116. Ni bure, mchana na usiku.

Watoto hawakui kwa kasi moja, kwa hiyo usimlinganishe wako na wa jirani. Lakini ikiwa miezi 18 imepita na hatembei, au ana miaka 2 na haunganishi maneno mawili, mlete. Wengi huacha kliniki baada ya chanjo ya miezi 9, ilhali dozi ya pili ya surua na rubela hutolewa miezi 18, na hiyo ndiyo nafasi nzuri ya kuomba makuzi yake yaangaliwe. Njoo na kijitabu cha mama na mtoto, kile chenye ukurasa wa hatua za ukuaji ambao tunaukuta mtupu karibu kila mara. Kama kilipotea, njoo vivyo hivyo.