Deep Blue na Kasparov: kasi pekee haikutosha

Ikitajwa mechi ya Mei 1997 kule New York, ambapo kompyuta ya IBM iitwayo Deep Blue ilimshinda bingwa wa dunia Garry Kasparov kwa pointi 3.5 kwa 2.5, maelezo huwa yale yale: mashine ilikagua nafasi milioni 200 za ubao kwa sekunde, na hakuna binadamu awezaye hilo. Namba hiyo ni sahihi kwa nafasi tulivu, lakini haielezi kwa nini mashine ilishinda. Februari 1996 kule Philadelphia, Deep Blue ya kwanza tayari ilikuwa ikikagua nafasi milioni 50 hadi 100 kwa sekunde, na Kasparov aliifunga 4 kwa 2. Kama nitakavyoonyesha, kuzidisha kasi mara mbili hakuleti hata nusu ya hatua moja ya ziada. Kilichobadilika zaidi kati ya mechi hizo mbili ni ujuzi wa sataranji uliopangwa ndani ya chipu, pamoja na namna ya kuamua ni mistari ipi, yaani mifuatano ipi ya hatua, ichimbwe zaidi.

Tuanze na hesabu. Katikati ya mchezo mchezaji huwa na wastani wa hatua 35 halali. Ukitaka kuona hatua nne mbele, yaani mbili zako na mbili za mpinzani, unapata 35 mara 35 mara 35 mara 35, ambayo ni nafasi 1,500,625. Hatua nane zinakupeleka kwenye matrilioni. Ndiyo maana programu zote za kizazi kile zilitegemea mbinu ya alfa-beta. Kanuni yake ni rahisi: ukishapata jibu moja la mpinzani linaloiharibu hatua unayoifikiria, huna haja ya kuyatazama majibu yake mengine, kwa sababu hatua hiyo imeshakufa. Hatua zikipangwa vizuri kabisa, zile nzuri zikitangulia, nafasi 1,500,625 hupungua hadi 2,449. Zikipangwa vibaya, faida yote hupotea. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi ya programu ya sataranji ni kukisia ni hatua ipi itangulie kutazamwa: kwanza hatua iliyoonekana bora katika utafutaji wa kina kifupi zaidi, kisha kula kete kubwa kwa kete ndogo, kisha hatua zilizofanya kazi katika matawi jirani.

Hata mpangilio ukiwa mzuri kabisa, kila hatua moja ya ziada huzidisha kazi karibu mara sita. Ndiyo sababu kasi maradufu huongeza takribani asilimia 40 tu ya hatua moja. Anayetegemea kasi peke yake analipa bei kubwa kwa kina kidogo sana.

Sasa mashine yenyewe. Ile ya 1997 ilikuwa kompyuta ya IBM RS/6000 SP yenye nodi 30, yaani kompyuta 30 zilizounganishwa, na kila nodi ilibeba chipu 16 za sataranji, jumla chipu 480. Chipu hizo zilisanifiwa na Feng-hsiung Hsu, aliyeanza kazi hii katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon miaka ya 1980 kwa mashine ya ChipTest, kisha Deep Thought. Kila chipu ilikuwa na transista zipatazo milioni 1.5 na iliweza kukagua nafasi milioni 2 hadi 2.5 kwa sekunde. Ndani yake mlikuwa na sehemu tatu: ya kutoa hatua halali, ya kuthamini nafasi, na ya kuongoza utafutaji. Programu iliyokuwa kwenye nodi ilishughulikia hatua za juu za mti wa hatua na majibu yake, kisha ikazikabidhi chipu hatua nne au tano za mwisho, pamoja na mabadilishano ya kulana kete mpaka ubao utulie.

Zidisha chipu 480 kwa milioni 2 unapata karibu bilioni moja kwa sekunde. Mbona basi wastani halisi katika mechi ulikuwa kama milioni 126, karibu sehemu moja ya nane? Kwa sababu alfa-beta kwa asili yake ni kazi ya foleni. Thamani ya hatua ya kwanza ndiyo inayokuambia nini cha kukata katika ya pili. Ukiwagawia wafanyakazi 480 matawi kwa wakati mmoja, wengi wao wanachimba tawi ambalo lingekatwa kama wangesubiri kidogo, na wengine wanakaa bure wakingoja mgao. Nafasi zenye mashambulizi marefu ya kulazimishana ndizo zilizokuwa mbaya zaidi, maana mti unakuwa mwembamba na mrefu, na kazi haigawanyiki. Anayejenga injini yake, yaani programu ya kucheza sataranji, leo kwenye kompyuta yenye prosesa nyingi atakutana na tatizo hili hili siku ya kwanza.

Kina cha kawaida cha Deep Blue katika dakika tatu za hatua moja kilikuwa takribani hatua 12 kwa kila tawi. Lakini kina kisichobadilika kina ugonjwa wake, ambao Hans Berliner wa Carnegie Mellon aliupa jina la athari ya upeo. Mashine ikiona kwamba itapoteza ngome katika hatua ya 12, inaweza kutupa askari mmoja bure ili mpinzani amle, na upotevu wa ngome usogee hadi hatua ya 14, nje ya upeo wake. Kwa mashine, ngome imeokoka. Ukweli ni kwamba imepoteza askari, na ngome itakwenda vile vile.

Dawa waliyoitumia ni kurefusha mistari kwa kuchagua. Kama katika nafasi fulani hatua moja tu ni nzuri na nyingine zote ni mbaya waziwazi, mstari huo huchimbwa zaidi. Mfalme akishambuliwa na kuwa na njia moja ya kutoka, au kete ikiliwa na lazima iliwe nayo, mstari hupewa alama. Alama zikitosha, zinabadilishwa kuwa hatua ya ziada. Hivyo mistari ya kulazimishana iliweza kuchimbwa mara mbili au tatu ya kina cha kawaida. Hatari yake ni kwamba ukiwa mkarimu mno mti unalipuka na saa inakwisha kabla ya kumaliza kina cha kawaida. Hsu na wenzake, Murray Campbell na Joe Hoane, walitumia miaka kusawazisha jambo hili, na kwangu hii ndiyo sehemu ya kazi yao inayostahili heshima kubwa zaidi, kuliko hata chipu zenyewe.

Tathmini nayo. Chipu ya 1997 ilitambua sifa zaidi ya 8,000 za nafasi, kutoka kama 6,400 za mwaka uliotangulia: askari aliyepita (asiye na askari wa mpinzani wa kumzuia), askofu aliyezibwa na askari wake mwenyewe, usalama wa mfalme kabla na baada ya kujificha pembeni, na kadhalika. Saketi zikishachongwa hazibadiliki, lakini uzito wa kila sifa uliandikwa na programu kabla ya utafutaji kuanza. Kwa hiyo gwiji Joel Benjamin aliweza kucheza na mashine, kuona mahali inapothamini vibaya, na uzito ukarekebishwa bila kutengeneza chipu mpya. Kanuni za mechi ziliruhusu marekebisho hata kati ya mchezo na mchezo.

Mfano mzuri ni ngome kwenye mstari wima wa ubao ambao haujafunguka, yaani bado una askari. Programu za kawaida za wakati ule zilizipa ngome alama kwa kukaa kwenye mstari usio na askari, basi zikawa na haraka ya kubadilishana askari ili mstari ufunguke. Gwiji hafanyi hivyo. Yeye huacha askari wawili wakitazamana, hukusanya ngome nyuma, na hufungua mstari siku atakayoamua. Deep Blue ya 1997 ilifundishwa kuithamini ngome hata pale mstari unapoweza kufunguliwa baadaye.

Chukua ubao ufuate mchezo wa pili, wa tarehe 4 Mei; kila kimraba hutajwa kwa herufi ya mstari wake wima na namba ya safu yake. Mashine ilikuwa na kete nyeupe. Katika hatua ya 19 ilisogeza askari wake a4, akimtishia askari wa Kasparov aliye b5. Mchezaji asiye na subira hula palepale. Deep Blue ilisubiri: hatua ya 24 ngome kwenda a3, hatua ya 25 ngome ya pili nyuma yake a1, na askari wakaendelea kutazamana mpaka hatua ya 36. Hapo Kasparov alitarajia malkia aingie b6 kuvuna askari, kama mashine zipendavyo. Lakini angeingia, Kasparov angemsukuma askari wake wa e5 hadi e4, na kumfungulia njia malkia na askofu wa d6 kumshambulia mfalme mweupe. Mashine ikala b5 kwanza, halafu hatua ya 37 ikaweka askofu e4, ikakiziba kile kimraba chenyewe. Nyeusi hakubaki na pa kupumulia.

Programu ilikuwa na sheria ya muda iliyosaidia katika nafasi za aina hii: thamani ya hatua inayopendelewa ikianza kushuka ghafla utafutaji unapozidi kuwa wa kina, saa huongezwa badala ya kucheza kwa wakati uliopangwa. Ni jambo dogo katika msimbo, mistari michache tu, na injini isiyo nalo hucheza hatua mbaya hasa pale inapohitaji kufikiri zaidi.

Mchezo huo huo ulionyesha pia udhaifu wa mashine. Katika hatua ya 44 ilisogeza mfalme wake f1, na ikamwachia Kasparov nafasi ya kupeleka malkia e3 na kumfukuza mfalme mweupe bila kikomo ili kupata sare. Mfululizo wa namna hiyo ni mrefu sana, nao ulikuwa nje ya upeo wa mashine. Kasparov hakuutafuta. Alikubali kushindwa baada ya hatua ya 45, akiamini kwamba mashine iliyocheza askofu e4 isingeweza kuacha mwanya. Wachambuzi walipomwonyesha mwanya huo, pigo likawa mara mbili.

Imani hiyo ilikuwa na chanzo siku moja kabla. Katika mchezo wa kwanza, ambao Kasparov alishinda, Deep Blue katika hatua ya 44 ilipeleka ngome d1, hatua isiyo na maana yoyote. Kwa maelezo aliyoyatoa Campbell baadaye, ilikuwa hitilafu ya programu: ilishindwa kuchagua, ikaangukia hatua ya kubahatisha. Mchezo ulikuwa umeshapotea, hivyo matokeo hayakubadilika. Lakini mtu anayeutazama ubao kutoka upande wa pili haoni hitilafu. Anaona hatua asiyoielewa, na rahisi kudhani kwamba imeona mbali mno. Hili ni jambo la kukumbuka kwa yeyote anayecheza na mashine: hatua ya ajabu inaweza kuwa kosa tupu, nayo hukaguliwa kama kosa lingine lolote.

Mchezo wa sita ulikwisha kwa hatua 19. Kasparov alicheza ulinzi wa Caro-Kann, njia mojawapo ya nyeusi kuanza mchezo, na katika hatua ya 7 akasogeza askari h6 kumfukuza farasi. Farasi hakukimbia, alikula e6 na kujitoa mhanga. Wengi husimulia hatua hiyo kama ushahidi wa ubunifu wa mashine. Sivyo. Ilikuwa ndani ya kitabu cha ufunguzi, mkusanyiko wa nafasi kama 4,000 uliotayarishwa kwa mkono na magwiji wa timu. Programu nyingi za wakati ule zilipoachwa zihesabu zenyewe ziliona farasi amepotea bure, kwa sababu fidia yake haikuja haraka: mfalme mweusi kukwama katikati na kete zake kushindwa kutoka. Kasparov alitegemea udhaifu huo, na kitabu kikamkata.

Alijinyima pia silaha zake. Ili kuikwepa kumbukumbu ya mashine alifungua kwa njia zisizo zake, mchezo wa tatu akianza kwa askari d3, hatua ambayo asingeithubutu mbele ya gwiji wa kiwango chake. Mbinu hiyo huitoa mashine kitabuni, ni kweli, lakini inamtoa mtu katika ujuzi wake wa miaka 20 na zaidi, na yeye hupoteza zaidi kuliko mashine.

Mechi zilizofuata zilifuta shaka moja baada ya nyingine. Gwiji Vladimir Kramnik alitoka sare ya 4 kwa 4 na programu ya Deep Fritz kule Bahrain mwaka 2002. Mwaka 2005 mashine ya Hydra ilimfunga gwiji Michael Adams jijini London 5.5 kwa 0.5. Mwaka 2006 kule Bonn, Kramnik alirudi mbele ya Deep Fritz na akapoteza 4 kwa 2. Katika mchezo wa pili alisogeza malkia e3, na mashine ikammaliza kwa malkia h7, hatua moja tu. Farasi mweupe aliyelinda h7 alikuwa f8, mahali ambapo farasi wa nyeupe hakai karibu kamwe, na naona macho ya gwiji, yaliyozoea maumbo ya maelfu ya michezo, yalipita juu yake. Mashine haina umbo la kuzoea wala la kushangaza. Inahesabu f8 kama inavyohesabu f3.

Mwaka 2009 simu ya mkononi yenye programu ya Pocket Fritz 4 ilishinda mashindano ya Copa Mercosur kule Buenos Aires kwa pointi 9.5 kati ya 10. Ilikagua nafasi zisizofika 20,000 kwa sekunde, maelfu ya mara chini ya Deep Blue. Tofauti ililipwa na ukataji wa matawi ulio bora zaidi na tathmini iliyosawazishwa vizuri. Tangu hapo mechi za usawa hazina maana tena. Gwiji Hikaru Nakamura alipokutana na programu ya Komodo Januari 2016, alianza kila mchezo akiwa amepewa fora, kama askari mmoja pungufu upande wa mashine au hatua kadhaa za bure. Komodo ilishinda 2.5 kwa 1.5.