Kwa nini sura huganda na sauti ikaendelea

Mama yuko Tanga, bintiye yuko London. Wanaongea kwa simu ya video, mara sura ya binti inaganda mdomo wazi, lakini sauti inaendelea: "Nakusikia mama, sema tu." Wengi hapo hulaumu simu. Kumbe simu inajitahidi kuokoa kilicho muhimu zaidi, yaani maneno.

Sauti ya mama ikiingia kwenye maikrofoni hupimwa, mara nyingi mara 48,000 kwa sekunde, na kila kipimo huwa namba. Namba hizo hubanwa, kisha hufungwa katika pakiti ndogo ndogo, kwa kawaida kila moja ikibeba milisekunde 20 za sauti. Neno "mwanangu", likichukua nusu sekunde kutamkwa, huondoka Tanga likiwa pakiti 25.

Picha ni mzigo mwingine kabisa. Video ya kawaida yenye picha 30 kwa sekunde, isipobanwa, ingehitaji zaidi ya megabiti 600 kila sekunde. Kwa hiyo simu hutuma picha moja kamili, halafu hutuma mabadiliko tu: midomo ilivyosogea, mkono ulivyoinuka. Ukuta ulio nyuma ya mama hautumwi upya. Ujanja huu ni mzuri sana, ila una gharama yake. Pakiti moja ya mabadiliko ikipotea, zinazofuata hukosa pa kushikia, na sura huganda au huvunjika vigae vigae hadi kasoro hiyo irekebishwe. Pakiti ya sauti ikipotea, simu inayopokea hukisia kipande kilichokosekana kwa kufuata kilichotangulia. Zikipotea nyingi mfululizo, ndipo unasikia ile sauti ya bati.

Umbali wenyewe si tatizo kubwa. Mwanga ndani ya mkongo wa baharini, yaani kebo ya nyuzi za kioo inayobeba intaneti chini ya bahari, hukata kilomita 10,000 kwa milisekunde 50 hivi, na mazungumzo huenda vizuri ucheleweshaji usipozidi milisekunde 150 kwa upande mmoja. Kinachotuumiza ni foleni: mnara uliozidiwa na watu jioni, Wi-Fi dhaifu chumbani, au njia kuu kukatika, kama Mei 12, 2024 mikongo ya EASSy na SEACOM ilipopata hitilafu na intaneti ikazorota Tanzania na nchi jirani. Kwenye foleni pakiti hupishana. Simu huzisubiri kidogo na kuzipanga; iliyochelewa mno hutupwa, maana neno la sekunde tatu zilizopita halimsaidii tena anayesikiliza.

Sauti safi hutosheka na kilobiti 30 hivi kwa sekunde, wakati picha nzuri hutaka megabiti nzima (kilobiti 1,000) au zaidi. Kwa hiyo mtandao ukisumbua, zima kamera kabla hujakata simu. Na kama inayoganda ni sura ya mwenzako, mwombe azime kamera yake yeye, kwa sababu picha hiyo ndiyo inayogombea njia na maneno anayokuambia.