Kwa nini kalamu ya boriti hupasuka ikifika Ulaya

Miaka kadhaa iliyopita nilipokea picha kutoka kwa mteja wa Ujerumani aliyenunua kwangu kalamu tatu alipokuja Unguja mwezi wa Agosti. Mbili zilikuwa salama. Ya tatu, niliyoikereza kwa kipande cha boriti ya mkoko kilichotoka katika dari la nyumba moja ya Mji Mkongwe iliyokuwa ikitengenezwa upya, ilikuwa imepasuka kwa urefu, kuanzia kwenye pete ya katikati hadi karibu na ncha. Nilishangaa, kwani boriti ile ilikuwa imekaa darini kwa miaka mingi kuliko umri wangu, na kama mafundi wengi wa kwetu niliamini kwamba mti wa zamani ni mti mkavu.

Mti wa zamani umetulia, lakini haukosi maji. Mti wowote hufyonza unyevu wa hewa inayouzunguka na kuutoa tena, mpaka ulingane nayo. Katika hewa yetu ya pwani, mti uliokaa ndani ya nyumba hubaki na maji ya kiasi cha asilimia 14 au 15 ya uzito wake mkavu, uwe umekatwa mwaka juzi au enzi za masultani. Katika nyumba ya Ulaya inayopashwa moto wakati wa baridi, hewa huwa kavu mno, na mti uleule hushuka hadi asilimia 6 au 7. Unaposhuka husinyaa, na husinyaa zaidi kwa kuzunguka mduara wake kuliko kwa urefu.

Kwa mguu wa meza jambo hili si kubwa. Kalamu ni kitu kingine, kwa sababu ndani ya mti mna bomba la shaba njano ambalo halisinyai kwa ukavu. Seti za vifaa vya kalamu ninazotumia zaidi ni zile nyembamba, zenye mabomba mawili ya milimita 7 yenye urefu wa takriban milimita 53 kila moja, ncha, pete, kibanio, kizungushio na mrija wa wino. Mzunguko wa bomba hilo ni kama milimita 22. Mti ukisinyaa kwa asilimia 2 tu, unataka kupungua kwa karibu milimita 0.4, na bomba haliuruhusu. Kwenye miisho ya kalamu unene wa mti haufiki hata milimita moja, kwa hiyo mti hauna nguvu ya kuvumilia mvuto huo, nao hupasuka kwa kufuata nyuzi zake.

Mzee aliyenifunza kukereza matendegu ya vitanda alikuwa akiweka miti yake kwenye uchaga juu ya mafiga, ipate moshi na joto la jikoni, na hakuwa na haja ya kupima chochote, kwani kitanda chake kilibaki hapahapa visiwani na tendegu halina chuma ndani. Mimi nimelazimika kupima. Kijiti cha kalamu hukikata kiwe na upana wa milimita 19 kila upande na urefu wa milimita 130, kisha hukipima kwa mizani ya sonara. Kimoja kati ya kila kundi hukitoa sadaka: hukitia katika oveni isiyozidi nyuzi 105 na kukipima mara kwa mara mpaka uzito usibadilike tena. Kijiti cha mkoko kilichoanza na gramu 46 na kuishia gramu 40 kilikuwa na gramu 6 za maji, yaani asilimia 15 ya uzito mkavu. Kwa hesabu hiyo, wenzake walioanza na uzito kama huo nawataka wafike gramu 43 na kidogo, ambayo ni asilimia 8, kabla sijawagusa kwa patasi. Kwa kuwa juani hapa hawafiki huko, nimetengeneza sanduku la mbao lenye matundu chini na juu, na ndani yake taa moja ya kizamani ya wati 40, ile inayotoa joto jingi kuliko mwanga. Wakati wa masika huwaacha humo kwa wiki kadhaa.

Nimegundua pia kwamba ni bora kutoboa kwanza na kukausha baadaye. Tundu huyafungulia maji njia ya kutokea ndani, kijiti hukauka kwa haraka na kwa usawa zaidi, na kama kina nia ya kupasuka, basi hupasuka humo sandukuni kabla sijakiwekea bomba. Baada ya kukauka tundu huwa limejikaza kidogo, kwa hiyo nalipitisha tena biti ya milimita 7. Kutoboa kwenyewe kunataka subira: biti iingie kidogo, itolewe, chembe zipukutike, iingie tena. Anayeisukuma moja kwa moja huuchoma mti kwa ndani, na mpingo unaotujia kutoka Bara, wenye mafuta mengi, hautamsamehe. Kabla ya kukata kijiti vipande viwili, chora mstari wa penseli upande mmoja, ili nyuzi zipokeane juu na chini ya pete kalamu itakapokamilika.

Boriti zina adha yake ya pekee. Zimezikwa katika chokaa na mawe, na punje za chokaa hujificha katika nyufa ndogo zikalemaza makali ya patasi, kwa hiyo nyama ya nje yote naiondoa. Mfenesi ni mpole kuliko mti wowote ninaoujua, nao huanza na rangi ya manjano kali kisha hugeuka kahawia kwa kadiri unavyopata mwanga. Mteja aelezwe mapema, asije akadhani kapunjwa. Mnazi mkongwe hutoa madoadoa mazuri kutoka sehemu ya nje ya shina, lakini nyuzi zake hunyofoka, na mara nyingi nalazimika kuulowesha kwa supaglu nyepesi kabla ya kumaliza. Wateja huniomba mkarafuu kila siku. Ninao kidogo, wa miti iliyojifia yenyewe, kwani mkarafuu haukatwi bila ya kibali, na natupa kila kipande chenye kiini cha katikati, maana hicho hakikauki bila ya kupasuka.

Kwa kubandika bomba nimeacha supaglu, ambayo hukamata haraka mno. Nimewahi kuachwa na bomba lililoganda nusu ndani na nusu nje. Epoksi hunipa muda wa kulizungusha. Bomba hulikwaruza kwanza kwa msasa, na mdomo wake hulichomeka katika kipande cha muhogo mbichi ili gundi isiingie ndani. Gundi ikikauka, miisho husawazishwa kwa kikatio maalumu mpaka shaba ing'ae tu. Ukizidisha umelifupisha bomba, na vipimo vyote vya mbele vimeharibika.

Kwenye mashine ya kukereza, vipande hupitishwa katika ufito wa chuma pamoja na bushi, yaani pete ndogo za chuma zinazoonyesha unene wa mwisho. Nati ya ufito ikazwe kwa kiasi, kwani ukiikaza sana ufito hupinda na kalamu hutoka na upande mnene na upande mwembamba. Kupiga msasa hakuna siri, ila vumbi jeusi la bushi huchafua mfenesi, basi zibandueni kwanza. Ngozi ya mwisho naifanya kwa tabaka nyembamba za supaglu badala ya shelaki na nta, kwa sababu ngozi hiyo hupunguza kasi ya unyevu kuingia na kutoka, ingawa haiuzuii kabisa.

Kuunganisha hufanywa kwa jiliwa lenye mbao laini mdomoni. Kizungushio huingizwa kidogo kidogo, huku ukijaribu mrija kila mara, kwa kuwa kikishapita kipimo ni taabu kukirudisha. Kalamu iliyokauka hivyo ikibaki hapa Unguja huvimba kidogo, na kidole huhisi mti umeinuka juu ya pete kwa unene wa karatasi. Mteja wa hapa hurudi nikampigia msasa. Yule wa Ujerumani nilimpelekea nyingine, ya boriti ileile, iliyopimwa gramu 43.